Majibu ya Sampuli ya Saba

Bondeni, 9 Februari

Mpwa wangu, Daktari wa Chupa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tuko wazima, ukiacha mafua ya bibi yako, ambayo naona yamehamia na godoro kabisa. Mkaza mjomba wako anauliza kama bado unakula ukiwa umesimama kama askari wa zamu. Mama yako alipita hapa Jumapili akasema umenenepa. Nikamwambia dada, hilo nitaliamini nikiliona kwa macho.

Sasa sikiliza. Oktoba iliyopita walikuja watu watatu na gari la serikali. Wakachuma nyanya na mchicha kwenye mashamba kumi na moja, langu likiwa la saba, wakatia kwenye mifuko, wakafunga lakiri. Walisema wanapima mabaki ya dawa za wadudu, na kwamba majibu yatakuja. Hayajaja mpaka leo.

Mwezi uliopita nikapeleka makreti kumi na mawili kwenye jiko la hospitali, kama kila Jumanne. Mtunza stoo, ambaye kwa miaka sita ananiita shemeji bila kumuoa ndugu yangu yeyote, akanizuia getini.

"Tumeambiwa tusipokee mboga za bonde lenu."

"Kwa nini?"

"Waraka haukusema kwa nini. Umesema tusipokee."

Nikarudi nazo zote. Njiani nilikuwa naziangalia nyanya zangu kama mtu anayemtazama mwanawe aliyefukuzwa shule na hataki kusema alifanya nini.

Wewe unafanya kazi kwenye maabara hiyohiyo. Mifuko ile lazima imepita mbele yako. Sikuombi karatasi. Nataka neno moja tu: kuna nini? Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao uko kilimani, na maneno haya sitaki kuyapayukia kule juu watu wakinisikiliza.

Mjomba wako


Mjini, 2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenikuta mzima. Nimehama, sasa nakaa juu ya duka la fundi viatu, na nyundo yake ndiyo inayoniamsha. Kunenepa sijanenepa. Mama alidanganywa na sweta.

Kuhusu swali lako, nisamehe. Kuna mambo ya kazini ambayo hayatoki nje, hata kwa mjomba. Tafadhali usiniulize tena.

Jambo jingine kabisa: nimekuwa nikiyafikiria macho ya bibi. Hapa mtaa wa pili kuna kliniki nzuri. Mlete akae nami, hata miezi mitatu au minne. Kitanda nimeshanunua. Ningependa aje kabla mwezi huu haujaisha. Na asibebe mboga, ni mzigo wa bure. Soko liko chini ya ngazi zangu.

Msalimie sana mkaza mjomba.

Mpwa wako


Bondeni, 15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima, na tuyaache hayo.

Mimi si msomi kama wewe, ila barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi, nikasema mtoto huyu anamkumbuka bibi yake. Mara ya nne ikabidi nikae chini. "Asibebe mboga." Hebu niambie, tangu uzaliwe, nani amewahi kutoka kwangu kwenda mjini bila mboga? Hata mfanyakazi wa posta hatoki hapa mikono mitupu.

Kwa hiyo unajua. Unajua, na umeamua kumtoa bibi yako kimyakimya, kama mtu anayeokoa godoro nyumba ikiungua, halafu sisi wengine utatusalimia kwa barua. Mashamba ni kumi na moja, mpwa wangu. Kila shamba lina nyumba, na kila nyumba ina sufuria jikoni.

Bibi yako nimemsomea. Amesema, "Macho yangu hayana shida. Yeye ndiye akapimwe, maana anaona vitu halafu hasemi." Haji.

Mkaza mjomba wako ameacha kupika mchicha wa shambani. Jumamosi akanunua mafungu mawili sokoni. Nikamuuliza muuzaji mchicha huo umetoka wapi. Umetoka hapahapa bondeni, shamba la tatu kutoka langu. Tulicheka, halafu hakuna aliyekula.

Tunatumia dawa tatu. Zote tumezinunua kwenye duka la pembejeo, zina lebo na muhuri, na vipimo tunavifuata. Tungejua ni ipi, kesho tungeiacha. Kwa kuwa hatujui, tunashtakiana sisi kwa sisi. Jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji anasema mimi huzidisha kipimo. Mimi namwambia yeye hupulizia leo na kuvuna kesho. Jana nusura tushikane mashati, watu wazima wenye wajukuu.

Utani wa mjomba na mpwa naujua, na huu si utani.

Mjomba wako


Mjini, 20 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimechana barua tatu kabla ya hii, ndiyo maana nimechelewa. Mama ameniambia mafua ya bibi yamekwisha, nimefurahi. Pia ameniambia hutaki nitajwe mezani. Una haki.

Ulilosema juu ya bibi ni kweli. Nimeona haya, na bado naona. Sitajitetea. Nitakueleza tu mahali niliposimama.

Siku ya kwanza kazini nilitia sahihi kiapo. Kampuni inayotaka kuuza dawa hupeleka kwa Msajili wa Viuatilifu mafaili yake yote: dawa imetengenezwa na nini, na mabaki yake hukaa siku ngapi kwenye jani na kwenye tunda. Sheria inayalinda mafaili hayo ili kampuni nyingine isiibe kazi ya watu. Matokeo yoyote ya maabara yanayoweza kufichua kilichomo nayo yanaingia kwenye siri hiyohiyo. Anayeyatoa anafungwa miaka miwili. Hata nikiacha kazi leo, kiapo hakiachi. Nilipotia sahihi niliona ni sawa. Nilijiambia kwamba tetesi ya uongo kuhusu namba moja ya maabara inaweza kuua soko la bonde zima. Sikujua kwamba kunyamaza nako kunaweza kuliua.

Nilimuuliza mkuu wangu, "Na wakulima je?"

Hakuinua macho. "Mkulima si mteja wetu. Mteja ni aliyeleta sampuli."

"Lakini nyanya ni zake."

"Nyanya ni zake. Namba si zake."

Nilitoka pale nikaosha chupa ambazo tayari zilikuwa safi.

Katika bahasha hii nimekuwekea kitabu cha sheria yenyewe. Kinauzwa kwenye duka la vitabu vya serikali, mtu yeyote anaweza kukinunua, na hakuna kifungu kinachonikataza kukutumia sheria. Soma cha kumi na saba: mwenye mazao yaliyochukuliwa sampuli anaweza kuomba majibu yake kwa fomu, na ajibiwe ndani ya siku thelathini. Watataka namba iliyo kwenye kile kikaratasi walichokuachia siku ile. Kitafute.

Mpwa wako


Bondeni, 28 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Bibi yako mzima, anagombana na jogoo. Paa la jiko limebomoka upande mmoja, mkaza mjomba wako anasema sasa anapika akiangalia mawingu. Jina lako limerudi mezani.

Kikaratasi tulikipata ndani ya kamusi ya mwanangu, kimefanywa alama ya ukurasa. Nikaenda nacho ofisi ya kilimo. Bwana shamba akakisoma mbele, akakigeuza nyuma, akasema fomu zimekwisha, njoo Alhamisi. Alhamisi fomu zipo, mwenye muhuri hayupo. Wiki iliyofuata mwenye muhuri yupo, ila fomu ni ya zamani, mpya ina ukurasa mmoja zaidi. Ukurasa huo wa ziada unauliza: "Eleza kwa nini unataka majibu." Nikaandika: "Kwa sababu mazao ni yangu na nayala." Bwana shamba akasema andika lugha ya kiofisi. Nikamwambia njaa haina lugha ya kiofisi. Tukakubaliana kuandika "kwa matumizi ya familia".

Siku thelathini zikawa hamsini na mbili. Ndipo Msajili akajibu. Nakunukulia, maana nimeshaikariri: "Majibu ya sampuli ya saba yana taarifa zinazoweza kufichua siri ya kibiashara ya mtu wa tatu. Unashauriwa kupata ridhaa ya mtu huyo." Nikarudi kuuliza, mtu wa tatu ni nani? Karani akasema, "Hilo nalo ni siri." Mpwa wangu, nimetumwa kumwomba ruhusa mtu ambaye siruhusiwi kumjua! Nilicheka palepale kwenye benchi, na mama mmoja aliyekaa karibu nami akasogeza mkoba wake.

Wenzangu tisa wamejibiwa barua ileile, neno kwa neno. Wa kumi na moja hajajibiwa kabisa, na sasa anajiona ana bahati.

Nina swali jingine. Kile kikadi ulichomtumia mama yako kimeandikwa nyuma ya fomu ya kuhesabu glavu. Tangu lini mpimaji akahesabu glavu?

Mjomba wako


Mjini, 19 Julai

Mjomba, shikamoo.

Pole kwa paa, na pole kwa benchi. Mimi mzima. Fundi viatu amepata mjukuu, siku hizi hata nyundo inapigwa polepole.

Umeuliza kuhusu glavu. Nipo stoo. Nahesabu glavu, lebo na sabuni. Sikufukuzwa. Mei nilimwandikia mkuu wangu waraka, nikaomba amwombe Msajili atumie kifungu cha ishirini, kile kinachoruhusu taarifa kutolewa pale afya ya watu inapokuwa hatarini. Aliusoma mbele yangu, akauweka kwenye droo, akaniambia nimechoka, nahitaji kazi nyepesi. Kesho yake nikakuta jina langu kwenye orodha ya stoo. Mama nilimficha. Naomba nawe umfiche.

Kuna siku nashindwa kupita mlango wa maabara. Vifaa navisikia kwa ndani vikifanya kazi, na kuna kijana mwingine amekaa kwenye kiti changu. Mjomba, nina hasira na kila mtu, nikiwemo mimi mwenyewe.

Soma kifungu cha ishirini na tatu, habari za Bodi ya Rufaa. Kisome chote, na mstari wa mwisho usome mara mbili. Zaidi ya hapo sisemi. Mimi siruhusiwi kuomba kuitwa.

Mpwa wako


Bondeni, 6 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako sijamwambia, lakini kanitazama kama anayejua.

Tumekisoma kifungu hicho wote kumi na mmoja, tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa mfereji. Hata jirani yangu alikuja, akakaa upande wake. "Mtu aliyeitwa na Bodi kutoa ushahidi atajibu maswali yote, na hatahesabiwa kuwa amevunja kiapo." Tukauliza kwa zamu kama kweli imeandikwa hivyo. Kweli imeandikwa hivyo.

Rufaa imepokelewa, na Bodi itakaa tarehe ishirini na saba Oktoba. Wamekubali mwakilishi mmoja tu, na wenzangu wamenichagua mimi. Wamesema ndimi mwenye mdomo. Shahidi tuliyemwomba nimemwandika hivi: "mtaalamu aliyepima sampuli namba moja hadi kumi na moja." Sikuandika mpwa.

Niliyokuandikia mwezi Machi yalinitoka nikiwa na uchungu. Siyafuti, maana ulihitaji kuyasikia. Ila na mimi nilihitaji kujua umesimama wapi.

Njoo na nguo nzuri. Usije na ile sweta.

Mjomba wako


Mjini, 3 Novemba

Mjomba, shikamoo.

Natumaini ulifika salama. Walinitoa kwa mlango wa nyuma kabla hatujaonana, na simu yako ni ileile ya kilimani, kwa hiyo naandika.

Mwenyekiti aliponiuliza kama nina undugu na mwakilishi wa wakulima, nilikuona umekaza macho kwenye meza. Sikutaka kuanza kwa uongo. Nikasema ndiyo, ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Wakanong'onezana muda mrefu, nikadhani yamekwisha. Halafu yule mama mwenye miwani akasema, "Namba haina ujomba. Aendelee."

Kumbe hilo lilikuwa jepesi. Wakakuletea ile karatasi: atakayesikia ushahidi atie sahihi kwamba hatamwambia mtu yeyote asiyekuwa chumbani. Chumbani mkulima ulikuwa wewe peke yako. Ukauliza, "Hata wenzangu kumi walionituma?" Mwanasheria wa kampuni akasema, "Hasa hao." Ukanigeukia. Nilitaka kukuambia tia, nilitaka kukuambia usitie, na sikuwa na ruhusa ya kusema hata moja. Uliishika ile kalamu muda mrefu, ukatia.

Ndipo nikasema. Nilitaja dawa, nikataja kiasi kilichokutwa na kiasi kinachoruhusiwa. Maneno yale nimekaa nayo mdomoni mwaka mzima, na yalipotoka hayakuchukua hata dakika tano.

Uamuzi nimeusoma ubaoni jana. Rufaa imekubaliwa, majibu yametolewa kwa mwombaji, taarifa inabaki siri mpaka Msajili amalize mapitio yake. Mapitio hayana tarehe. Mimi bado nipo stoo.

Umewaambia nini wenzako?

Hapana, usinijibu. Nimekosea kuuliza.

Mpwa wako


Bondeni, 17 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba mara mbili. Paa tumeliezeka, bibi yako anasema jiko sasa lina giza. Mama yako ameambiwa habari za stoo na mtu mwingine, usinikasirikie mimi. Alilia kidogo, halafu akasema, "Huyo ni wangu."

Sitaandika nilichosikia. Nitakuandikia nilichofanya, maana hicho ni changu.

Niliporudi, wote kumi walikuwa wananingoja darajani.

"Umeyapata?"

"Nimeyapata."

"Yanasemaje?"

"Nimetia sahihi nisiseme."

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu. Mmoja alitema mate, wakatawanyika. Nyumbani mkaza mjomba wako akauliza, "Hata mimi?" Nikamwambia hata wewe. Akanipa mgongo, siku tatu tukawa tunasemeshana kupitia kwa bibi yako. Mtu akinisalimia nilikuwa naanza kuongea habari za mvua. Hapo nikakuelewa, mpwa wangu. Kukusamehe ni jambo jingine, nalo nililimaliza zamani.

Siku ya nne asubuhi nikachukua jembe, nikaingia shambani. Nyanya zilikuwa zimeanza kuiva, tuta la kwanza jekundu lote. Nikaanza kung'oa. Sikung'oa kwa hasira. Nilikuwa napanga miche kando, mmoja mmoja. Jirani yangu akasimama ng'ambo ya mfereji na mswaki mdomoni.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nang'oa."

"Umeambiwa nini huko?"

"Nimekatazwa kusema."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nang'oa."

Akatoa mswaki mdomoni. Nilipomaliza tuta la pili nikaenda bandani, nikatoa zile dawa tatu. Mbili nikaziacha mlangoni pangu, wazi, kila mtu azione. Ya tatu nikaishika mkononi bila mfuko, nikapita nayo katikati ya mashamba yote mpaka duka la pembejeo, nikaitua juu ya kaunta.

Mwenye duka akauliza, "Ina kasoro gani?"

"Sijasema ina kasoro. Nairudisha."

Nilipotoka, jirani yangu alikuwa mlangoni, ameshika ya kwake. Nyuma yake walikuwa wawili wengine. Kufikia adhuhuri kaunta ilijaa, mwenye duka akawa anazipanga chini sakafuni, na bonde zima lilikuwa limeinama linang'oa. Mkaza mjomba wako alikuja na kisu, akafanya tuta la sita bila kunitazama. Mwisho wa tuta akaniambia, "Ungeanza siku ya kwanza." Ni kweli. Zile siku tatu zinaniuma kuliko nyanya.

Usidhani tunasherehekea. Msimu umekwenda. Hospitali bado haipokei. Waraka wao hausemi kwa nini tulikataliwa, kwa hiyo hausemi tufanye nini tukubaliwe. Dawa yenyewe inauzwa kama kawaida kwenye maduka ya ng'ambo ya kilima, na huko hakuna aliyeniona nikiibeba. Hilo linanikosesha raha kila ninapokaa.

Jana bwana shamba alikuja na pikipiki, amebeba kitabu kilekile cha sheria.

"Nani amewaambia watu?"

"Waulize."

"Nimewauliza. Wanasema hakuna."

"Basi hakuna."

"Wewe ulitia sahihi. Kifungu gani kinakuruhusu kufanya hivi?"

Nikamwambia, "Kaa hapo, bwana, unitafutie kinachonikataza kung'oa nyanya zangu."

Akakaa kwelikweli juu ya kreti tupu, akafungua kitabu, akaanza ukurasa wa kwanza akifuata mistari kwa kidole. Mkaza mjomba wako akamletea maji. Jua lilipozama alikuwa bado anafunua kurasa, na mimi nilikuwa nimebakiza tuta moja.

Mjomba wako